Maua ya plastiki si haramu, lakini...



Swali hili limeletwa zaidi ya mara moja katika darsa letu la Jumamosi, na kila mara waulizaji ni akinamama: Je, inajuzu kwa Muislamu kupamba nyumba yake kwa maua ya plastiki? Wapo walioambiwa kuwa ni haramu kwa sababu ni kuiga maumbile ya Allah (S.W.), wakaenda nyumbani wakayatupa jalalani.

Uharamu huo hauna dalili. Ibn Abbas (R.A.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha. Akamfikishia onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya watengenezaji picha, na alipomuona jamaa amebadilika rangi ya uso kwa hofu, akamuelekeza atengeneze miti na kila kisicho na roho. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Ua halina roho. Na Qur'an (7:32) inawahoji wanaoharamisha pambo ambalo Allah amewatolea waja wake. Kwa hiyo, dada uliyenunua mashada yako Kariakoo kwa pesa ya halali, asikutishe mtu.

Lakini liko jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilikwenda kumjulia hali mama mmoja mtu mzima, aliyeletwa kwa mwanawe hapa Dar es Salaam baada ya miguu kumsumbua. Nyumba nzuri mashaallah, vigae vinang'aa. Maua kila pembe: juu ya kabati, kwenye meza ya kioo, mengine yameteremshwa ukutani kama mmea unaotambaa. (Zamani yalikaa juu ya televisheni. Televisheni za siku hizi ni nyembamba, basi yamehamia ukutani.) Mama yule alikuja na makopo matatu ya mirehani kutoka Tanga. Yalitolewa nje, ikasemwa yanamwaga udongo kwenye vigae na yanaleta mbu. Hakuna aliyeimwagilia maji, mirehani ikafa. Badala yake akawekewa shada la plastiki karibu na kitanda. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hili halinuki."

Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kupewa rehani asiikatae, akataja sababu mbili: ni nyepesi kuibeba na ina harufu nzuri. Watu wa pwani tuliishi na mafundisho hayo hata kabla ya wengi wetu kujua kuwa ni hadithi. Asumini kitandani, kikuba kifuani, mrehani nje ya mlango. Leo tunaona huo ni ushamba, na kitu kisicho na harufu wala uhai ndio tunakiita maendeleo!

Tena, ua la kweli linanyauka, na kunyauka huko ni somo. Katika Suratul Hadid (57:20) Allah (S.W.) anayafananisha maisha ya dunia, pamoja na mapambo yake na kujifakharisha kwake, na mimea inayowapendeza wakulima, kisha inakauka, unaiona imekuwa ya njano, mwisho inavunjikavunjika. Anayemwagilia mrehani wake anaiona aya hiyo dirishani kwake. Ua la plastiki halikumbushi kitu. Linakusanya vumbi tu, na siku ya Idd linaoshwa kwa sabuni ya unga.

Nimetaja Idd kwa makusudi. Siku za mwisho za Ramadhani, wakati wa kutafuta Lailatul Qadr, baadhi yetu tuko madukani tunabadilisha mashada na mapazia, na Zakatul Fitri tunakumbushana kwa simu asubuhi ya Idd. Bi Aisha (R.A.) aliwahi kutundika kitambaa mlangoni Mtume (S.A.W.) akiwa safarini. Aliporudi alikichana, akabainisha kuwa Allah hakutuamrisha kuvisha mawe na udongo. Bi Aisha akakifanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na hilo Mtume hakulikemea. Kitambaa ni kilekile, ila sasa kinalaliwa na mtu badala ya kuuvisha ukuta.

Na yeyote apandaye mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Sadaka hiyo katika plastiki utaipata wapi?

Sisemi uyatupe uliyonayo, huko nako ni israfu. Yapunguze, kisha mpishe mrehani. Haununuliwi. Omba kijiti kwa jirani, kichomeke kwenye kopo lililotobolewa chini ili maji yasituame, uliweke dirishani panapoingia jua. Mbu hawatapata pa kuzalia.

Mwana wa yule mama nimeshamwambia.