Jina la babu kwenye karatasi ya Keya



Nawaandikia kutoka huku Zagayu. Wiki iliyopita katekista alitugawia bahasha za kuandika majina ya marehemu, waombewe kwenye Misa mwezi huu wa Novemba. Nikaandika bibi, shangazi, na rafiki yangu aliyefariki kwa ajali ya bodaboda. Babu mzaa baba nikamruka. Si kwamba nilimsahau. Jina lake ndilo langu la ukoo, na kwa Kisukuma maana yake ni njaa. (Wasukuma mmeshalijua, basi msicheke.) Nilipokuwa sekondari, mwalimu akiita mahudhurio darasa zima lilikuwa hoi. "Njaa yupo?" "Yupo, bado hajala!" Sikutaka kulisikia tena likisomwa kanisani mbele ya kwaya nzima.

Baba akaiona ile orodha. Hakunigombeza. Akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa karatasi ya babu ya kuachishwa jeshi. Babu alikuwa Keya. Ndivyo wazee walivyolitamka KAR, jeshi la Mwingereza, lililowapeleka vijana wa Tanganyika mpaka Burma kwenye Vita ya Pili. Pale juu kuna namba, halafu kabila, halafu jina lenye herufi moja ambayo hata hatuijui ilitoka wapi. Karani hakujua Kisukuma, aliandika alichosikia.

Tukaanza kucheka wote wawili. Hebu fikiria huyo karani mezani na foleni ya Wasukuma mbele yake! Anakuja Mabula, mtoto wa mvua. Anakuja Bulugu, maana yake vita, sasa huyu unamfundisha nini tena? Anakuja Kulwa peke yake, kumbe Doto kabaki nyumbani na ng'ombe. Na hata jeshi letu wenyewe, JWTZ, mkuu wake wakati wa vita ya Kagera aliitwa Jenerali Twalipo. Ukilisikia kwa masikio ya Kiswahili, ni kama kikosi kizima kimeitikia mahudhurio.

Baba akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisichokijua. Babu alizaliwa mwaka wa njaa. Mama yake hakumpa jina lile kumdhihaki. Njaa ilikuja kuchukua watoto, huyu ikamwacha.

Nilikosa la kusema. Mimi niliona aibu kwa jina ambalo mama mmoja alilitoa kama shukrani.

Ndugu zangu, wengine hawakupata hata hiyo herufi iliyokosewa. Pale Dar es Salaam upo Mnara wa Askari, uliozinduliwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo kwenye Vita ya Kwanza. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayekufa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeuzunguka ule mnara. Jina la askari hata mmoja hamna! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Hao wote kila mmoja alikuwa na mama aliyempa jina kwa sababu fulani.

Kwa nabii Isaya Mungu anasema ametuita kwa majina yetu. Hasemi kwa namba. Na hachagui yale mazuri tu. Mfikirie yule askari aliyemchoma Yesu ubavuni. Yohane hakumtaja jina, lakini mapokeo yanamwita Longino, jina linalohusishwa na neno la Kigiriki la mkuki. Yaani anaitwa kwa kitendo kilekile alichomfanyia Bwana, na Kanisa linamheshimu kama mtakatifu kwa jina hilohilo! Mimi nilikuwa naogopa kucheka kwa watu wa kwaya.

Jumamosi nilikwenda kuungama, maana kumruka marehemu asiombewe kwa sababu ya aibu yangu si jambo dogo. Halafu nikamfuata katekista, nikamwomba bahasha yangu. Nimeliandika jina la babu juu kabisa, bila ile herufi ya karani, jinsi mama yake alivyolitamka.

Litasomwa Jumapili Misa ya kwanza. Mkitaka kucheka, chekeni, halafu mwitikie: apumzike kwa amani.