Toga, kofia na deni: vazi la masomo linamheshimu nani?

Kila mwisho wa mwaka wa masomo swali moja linarudi katika miji yetu, na kila mara tunaliacha bila kulijibu vizuri. Toga tunaivalia nini? Zamani ilionekana paka siku ya kolasyo, pale universite ilipotoa vyeo kwa wale waliomaliza. Leo finalisti wa sekondari wanaivaa, na hata watoto wa gardiene, ambao hawajajua kuandika jina lao, wanapigwa picha na kofia ya pembe ine kichwani. Wazee wengine wanasema kama ni nguo ya Wazungu na ingefaa tuitupe. Wazazi wengine wanauliza: furaha ya mtoto inamdhuru nani? Sisi walimu tuko katikati, na tunaona kama pande zote mbili zinapita kando ya jambo lenyewe.

Tuanze na asili yake. Toga ilizaliwa Ulaya katika karne za kati, wakati walimu na wanafunzi wa Bologna, Paris na Oxford walikuwa karibu sana na Kanisa. Walivaa kanzu ndefu ya watu wa Kanisa, na katika nyumba za mawe zenye baridi kali nguo nzito ilikuwa na kazi yake. Rangi zilipangwa kidogo kidogo. Ufaransa, wakati wa Napoléon, mwaka 1809, Serikali iliweka rangi za kila fakilte: nyekundu kwa sheria, manjano kwa fasihi, na kadhalika. Marekani, mwaka 1895, vyuo vilikubaliana juu ya kanuni yao: nyeupe kwa fasihi, kijani kwa uganga, zambarau kwa sheria, manjano ya dhahabu kwa sayansi. Angalieni vizuri: manjano ya Ufaransa ni fasihi, manjano ya Marekani ni sayansi. Rangi yenyewe haina maana yoyote mpaka watu wakubaliane. Ni kama neno. Mwenye kujua lugha ile anasoma bega la mtu na kujua alisoma nini na alifika wapi.

Kwetu Kongo vazi hili lilikuja pamoja na universite: Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954, kiisha universite ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Ni mgeni, hatukatai. Lakini mgeni akikaa zaidi ya miaka sabini, je, bado tutamwita mgeni? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunaona kama toga imekula na kulala kwetu muda mrefu, na jembe bado hatujaipa.

Kwa wale wanaotaka kuifukuza kwa sababu ni ya kigeni, tuwakumbushe jambo moja. Inchi yetu imekwisha kujaribu njia hiyo. Tangu miaka ya 1970, wakati wa otantisite, suti na kravati zilikatazwa, na abakosti ikawa vazi la heshima, mpaka Mobutu alipotoa ruhusa ya kravati katika hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Karibu miaka makumi mbili wakubwa wote walivaa abakosti. Je, mwizi wa mali ya watu alipoivaa, aliacha kuiba? Kubadilisha nguo ni rahisi. Kazi iko ndani ya nguo.

Tena, wazee wetu walijua sana mambo ya kofia na vyeo. Tuchukue mfano wa Balega, ndugu zetu wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Walikuwa na Bwami, chama chenye madaraja, na mtu alipanda moja kwa moja mpaka kindi, daraja la juu kabisa. Kofia ilisema alipofika: kofia ya kindi ilikuwa na manyoya ya mkia wa tembo. Hata wanawake walikuwa na njia yao, na ile ya juu iliitwa bunyamwa. Cheo hakikurithiwa kama kiti cha mwami. Mtu alipaswa kuwa na tabia inayojulikana, kufundishwa kwa methali na kwa sanamu ndogo za mti na za pembe za tembo, na kusaidiwa na ukoo wa baba pamoja na ukoo wa mama. Serikali ya ukoloni iliogopa chama hicho, ikakikataza rasmi mwaka 1948. Profesa Daniel Biebuyck, aliyekaa na Balega miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuonyesha kama Bwami ilikuwa kwanza shule ya maadili.

Tusipambe kupita kiasi. Bwami pia iliomba mali nyingi: nyama, fedha za simbi, vitu vya kugawa. Aliyekosa ndugu wa kumsaidia alibaki chini. Lakini mali ile iligawiwa mbele ya watu, kila mmoja aliona ilikotoka, na mwenye cheo alijua kama kofia yake imebebwa na mikono mingi. Akifa, vitu vya cheo chake vilipita kwa ndugu aliyestahili. Kofia ilikuwa heshima, na papo hapo ilikuwa deni.

Hapa ndipo tunaona swali la kweli. Toga ya leo inadai nini kwa yule anayeivaa?

Mara nyingi inadai paka franga. Kuna pesa ya kukodisha toga, ya picha, ya salle, ya karamu. Na tunajua sote yule kijana ambaye alisoma vizuri, akapata alama zake, halafu siku ya sherehe akabaki nyumbani kwa sababu mama yake, mwenye kuuza unga sokoni, hakuweza kulipa. Wengine wenye alama chini ya zake wako mbele, wanapigiwa makofi. Je, siku ile toga iliheshimu masomo? Iliheshimu mfuko. Na ubaya ni huu: vazi lile lingeweza kufanya kinyume kabisa. Toga moja juu ya wote inafunika suruali ya mtoto wa tajiri na ile ya mtoto wa maskini, kama vile nyeupe na bluu ya masomo yetu inavyojaribu kufanya kila siku. Nguo ya kusawazisha watu tumeigeuza kuwa mlango wenye ushuru.

Linganisheni na poda. Matokeo ya egzamen ya Serikali yakitoka, ndugu na majirani wanammwagia poda nyeupe yule aliyefaulu, kichwani na usoni, anatembea njiani akiimbiwa, na hata asiyemfahamu anajua: huyu amepata diploma. Sherehe hii hakuna ofisi iliyoipanga. Kopo moja la poda linatosha watu kumi, na mwenye kumwaga anasema kwa mkono wake: ushindi huu ni wetu pia. Ni kweli, kuna makelele na fujo mabarabarani, na hayo tunayakemea. Lakini poda haijamwacha mtoto wa maskini nyumbani.

Mzazi mmoja atatujibu: "Mwalimu, mimi sikusoma. Acha nimuone mtoto wangu katika toga, hata akiwa na miaka mitano." Maneno haya yana uzito, na hatuwezi kuyacheka. Mtu aliyenyimwa kitu ana haki ya kukifurahia kwa mtoto wake. Lakini tunamuomba afikiri. Ishara inaishi kwa kungojewa. Mtoto aliyevaa toga akitoka gardiene, tena akimaliza primere, tena akimaliza sekondari, atakuta nini kipya siku ya kolasyo? Na ikiwa rangi inachaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye picha, ile lugha ya rangi imekufa. Mpe mdogo wimbo, keki, nguo mpya. Kofia ya pembe ine muachie njia ya kuitafuta.

Basi, jembe la mgeni wetu litakuwa gani? Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza: kila masomo na kila chuo kiwe na toga zake chache, zinunuliwe mara moja, zifuliwe, zipite toka promosyo moja mpaka ingine bila malipo. Toga iliyovaliwa na mkubwa wako ina utamu kuliko toga ya kukodi. La pili: jina la aliyefaulu lisomwe mbele ya watu, awe amelipa karamu ao hajalipa. Karamu ni jambo la pembeni. La tatu: anayevaa toga aseme neno la ahadi mbele ya wale waliomlipia masomo. Waganga wanaapa kabla ya kugusa wagonjwa. Mbona mwalimu, anayegusa akili za watoto, haapi? Mbona mwanasheria na mwenye kujenga madaraja wanashuka jukwaani bila kuambia watu watawafanyia nini?

Katika Kilega kuna neno busoga, linalobeba uzuri na wema pamoja, bila kuvitenganisha. Sisi tunaona toga inapendeza kweli, na hatutaki kuivua. Tunataka yule mama wa unga akae mstari wa mbele, asikie mtoto wake akitamka kwa sauti kile anachodaiwa, na ajue kama siku moja atakuwa na haki ya kumuuliza: ile deni, uliilipa?