Mgeni Asiyebisha Hodi

Tangu Tukuyu hata Mafinga desturi ya nyumba ni moja: mgeni husimama nje, hubisha hodi, hutaja jina lake na atokako, kisha hungoja neno la karibu. Mtu akiingia ghafula hata chumba walalamo watoto, ajapokuwa hakuchukua kitu, ataulizwa maswali makali na mwenye nyumba, na majirani watakuja kusikiliza. Desturi hiyo ni njema, nayo ni ya zamani kuliko misioni zetu. Lakini siku hizi nyumba hizo hizo zina mlango mwingine, mdogo kama punje ya mtama, nao umo katika uso wa simu ya mama. Wageni wapitao hapo hawabishi hodi, wala majina wayatajayo si ya kweli. Juu ya mlango huo twataka kusema leo na wazazi Wakristu. Tutasema wazi kuliko ilivyo kawaida ya ukurasa huu, maana kunyamaza kwa ajili ya haya kumekwisha kuwaponza watoto wengi.

Kwanza tuwe wa haki. Mama auzaye nyanya sokoni Mwanjelwa, mwenye mtoto wa miaka mitano ubavuni toka asubuhi, humpa simu ili atulie, naye apate kuhesabu chenji. Wachuma chai wa Mufindi huondoka nyumbani kungali ukungu, na watoto hubaki wao kwa wao. Bibi wa Kilolo alea wajukuu yatima, na katika mikoa yetu hii, ambayo UKIMWI uliiumiza kuliko mikoa mingi ya Tanzania, mabibi wa namna hiyo si wachache. Hajui kusoma maneno yaliyo katika kioo cha simu. Hushukuru tu kwamba watoto wametulia jioni ya baridi ya Juni, shule zikiwa zimefungwa. Hao wote si wazazi wabaya, wala hatuwahubirii watupe simu motoni. Simu hiyo hiyo yaleta fedha kutoka kwa mwana aliye Dar es Salaam, yaleta habari za msiba, na wako wasalio Rozari kwa kuisikiliza.

Twasema juu ya jambo moja, yaani michezo ya simu ambayo ndani yake mtoto huonekana na watu asiowajua. Mzazi akichungulia huona vikaragosi vikirukaruka, akadhani mtoto yu peke yake na kitu cha kuchezea, kama yeye zamani alivyokuwa na kigari chake cha mti. Sivyo. Mingi ya michezo ya leo yachezwa kwa wakati mmoja na watu maelfu kutoka nchi nyingi, nao huandikiana na kusemezana. Mchezo ukisha kuwekwa katika simu huweza kuuliza: je, waniruhusu kutumia kamera? Waniruhusu kutumia kinasa sauti? Mtoto asiyejua kusoma, au ajuaye lakini ana haraka ya kucheza, hugusa neno la kukubali. Hivyo mlango wa nyumba umefunguliwa na aliye mdogo kuliko wote waliomo.

Kamera katika michezo si kitu kipya, wala si ovu yenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Sony iliuza kamera ndogo iitwayo EyeToy, iliyowekwa karibu na televisheni, na mtoto akajiona ndani ya mchezo akifuta madirisha au kupiga ngumi hewani. Lakini ule ulikuwa mchezo wa sebuleni, mbele ya baba na dada na jirani, na wote walicheka pamoja. Huu wa leo huchezwa chini ya blanketi.

Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa jinsi mtoto anavyoshawishiwa. Kwa miaka mingi wamemwona mtu mwenye nguo nzuri akishuka basi kijijini, amleteaye mama sukari na kitenge, asemaye ana kazi nyepesi ya nyumbani huko Dar es Salaam kwa binti wa miaka kumi na mitatu, tena atasomeshwa cherehani. Wako waliorudi na mimba, wako waliorudi na makovu, na wengine wazazi wao hawakupata habari zao tena. Basi mshawishi wa leo hufuata njia ile ile, ila hapandi basi. Huanza kwa kucheza vizuri na kumsifu mtoto. Kisha humpa zawadi, sarafu za mchezo au mavazi ya vikaragosi, vitu ambavyo hununuliwa kwa fedha halisi na ambavyo mtoto hana njia ya kuvipata. Husema naye ana miaka kumi na miwili. Halafu humwomba wahame, wakasemezane mahali pengine pasipo na watu wengi. Huko huomba picha ya uso. Kisha huomba kamera ifunguliwe. Kisha huomba shati livuliwe. Yote hunaswa na kuwekwa akiba pasipo mtoto kujua. Siku ya pili sauti imebadilika: nipe nyingine, au leta fedha, la sivyo baba yako na mwalimu wako wataiona hii. Mtoto wa darasa la tano amekuwa mtumwa ndani ya nyumba ya baba yake, na baba yu chumba cha pili akisikiliza taarifa ya habari.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2022 UNICEF, ECPAT na Interpol walitoa taarifa ya uchunguzi walioufanya juu ya Tanzania. Waliona kwamba katika kila watoto 100 wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti, 4 walikuwa wamepatwa katika mwaka mmoja na maovu makubwa ya jinsi hii: kutishwa ili watende uchafu, kushawishiwa kwa fedha au zawadi, au picha zao za aibu kusambazwa bila ridhaa yao. Kwa makadirio yao, hao ni watoto wapatao 200,000. Twamwomba msomaji asiipite namba hii upesi: yakaribia kuwa sawa na watu wote waliohesabiwa katika Manispaa ya Iringa kwa sensa ya mwaka huo huo. Tena hesabu hiyo haikuwagusa wadogo wa miaka sita na minane, ambao ndio hasa wapewao simu ili wanyamaze. Na liko neno lililotuchoma zaidi katika taarifa ile, kwamba mara nyingi mkosaji hakuwa mgeni wa mbali, bali mtu ambaye mtoto amjua.

Wenye makampuni nao wanaijua hatari hii. Huko Marekani palikuwa na Omegle, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wasiojuana wakitazamana kwa kamera. Ilifungwa Novemba 2023, baada ya mwanamke mmoja kuishtaki mahakamani kwa sababu alipokuwa na miaka 11 ilimkutanisha na mtu aliyemharibu kwa muda mrefu. Na mwezi wa Novemba 2025 Roblox, mchezo upendwao na watoto wa nchi nyingi, walitangaza kwamba atakaye kusemezana na wengine humo itambidi athibitishe umri wake, na njia moja ni kuonyesha uso wake mbele ya kamera ili mashine ikadirie miaka yake. Nia yao hatuilaumu. Lakini ni ajabu kidogo: ili mtoto alindwe na kamera, aambiwa afungue kamera. Na kaka yake mkubwa akiuweka uso wake badala ya uso wa mdogo, je, mashine itamwita mama yao?

Kanisa halikuanza leo kuonya. Papa Pio XII aliandika barua yake Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni tarehe 8 Septemba 1957, wakati ambapo Tanganyika haikuwa na televisheni hata moja. Oktoba 2017 wataalamu walikutana katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma, kwa ajili ya heshima ya watoto katika mitandao, na tarehe 6 ya mwezi huo Papa Fransisko alipokea tamko lao. Wala tusijifanye kwamba ubaya huu wakaa nje ya uzio wa Kanisa tu. Februari 2019 Papa huyo huyo aliwaita Roma viongozi wa mabaraza ya maaskofu ya dunia nzima, kwa sababu wadogo walikuwa wameumizwa na watu wa Kanisa. Basi mzazi amwulizapo mwalimu wa kwaya au katekista kwa nini amwandikia binti yake usiku, asihesabiwe mkorofi. Ana haki ya kujibiwa.

Sasa tuje kwa fimbo, maana hapa ndipo twatofautiana na wazee wengi tunaowaheshimu. Mzazi akigundua picha, jambo la kwanza ni kumpiga mtoto na kumwita malaya. Je, mmejiuliza kwa nini mshawishi alimtishia mtoto kwa jina la baba yake? Kwa sababu ajua kwamba mtoto amwogopa baba kuliko amwogopavyo yeye. Kila fimbo ipigwayo siku hiyo ni kazi afanyiwayo yule mwovu bure, na watoto wengine wa nyumba hujifunza kunyamaza. Bwana wetu Yezu Kristu alipotaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari, hakumtajia mdogo aliyekwazwa. Alimtajia yule amkwazaye. Mtoto aliyenaswa na asikie kwanza kwamba hakutenda dhambi kwa kudanganywa, na kwamba baba yake yu upande wake.

Liko na jambo la pili, baya kuliko fimbo. Ikionekana kwamba mkosaji ni mjomba, au mpangaji, au kijana wa jirani, wazee huketi, hutozwa faini ya fedha au ng'ombe, na neno huzikwa, eti kuhifadhi heshima ya ukoo. Heshima ya nani? Mtoto huendelea kumwamkia mtu huyo shikamoo kila asubuhi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza picha za ngono za watoto kwa adhabu ya faini kubwa au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, na wazee wa ukoo hawana uwezo wa kuifuta.

Basi, wazazi, chukueni simu leo jioni. Ingieni penye Mipangilio, tafuteni Ruhusa, gusa Kamera, nanyi mtaona orodha ya vyote vilivyoruhusiwa kutazama ndani ya nyumba yenu. Mchezo wowote uliomo uondolewe ruhusa hiyo, na vivyo hivyo kwa kinasa sauti. Bibi asiyesoma amwite kijana mwaminifu wa jumuiya amfanyie, naye akae hapo akitazama. Kipande cha plasta juu ya kamera ya mbele chatosha kwa mtoto mdogo. Simu isilale na watoto, na michezo ichezwe pale watu wanapopita. Na ikiwa ubaya umekwisha kutokea, msifute maneno yaliyoandikwa, msilipe fedha, wala msiwatumie ndugu picha ya mtoto mkidhani mwaonyesha ushahidi, maana kuisambaza ni kosa pia. Pelekeni simu kama ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au pigeni namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo. Namba hiyo iandikwe ukutani, chini kidogo, mahali ambapo macho ya mtoto hufika.