Deni Lisilokatwa Kwenye Mshahara

Mhandisi aliyesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoanza kazi 2005, hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Likiisha, amemaliza kulipa? Nasema hapana. Katika fedha ile, kupitia kodi, limo pia jasho la mama anayeanika dagaa mchangani Igombe, kando ya Ziwa Victoria, ambaye mwanawe huenda hakufika chuo. Katika ziwa hilohilo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, tumbo juu. Likatobolewa tundu ili kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka, meli ikazama. Mamia walikufa. Mwenye kukopeshwa elimu anadaiwa maarifa ambayo siku ile yalikosekana.

Utaniambia mkopo ni mkataba, na mkataba una kikomo. Kweli, Bodi haina haki ya kudai hata senti moja zaidi. Ila mkataba huhesabu ada na chakula, hauhesabu nafasi aliyoikosa mwingine mwenye akili ileile. Nafasi hiyo ni amana, na amana hairudishwi kwa fedha. Wala simzuii mtu kufanya kazi ughaibuni. Namwomba mhandisi aliyebaki ziwani: kabla ya kutia saini kwamba chombo ni salama, shuka ukakikague mwenyewe.