TARUMBETA MBILI ZA FEDHA
Tangazo la kanisa nalo ni kazi ya Mungu

Masomo: Hesabu 10:1-10, 2 Samweli 18:19-32, 1 Wakorintho 14:8

 

Leo tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: matangazo ya kanisa, yale tuliyozoea kuyaita makomunike. Tunajua namna mambo yanavyokwenda. Kwaya zimeimba, mahubiri yamekwisha, sadaka imetolewa. Sekreteri anasimama na karatasi zake. Papo hapo mtoto anatumwa nje kuangalia mvua, mama anafunga mtoto wake mgongoni, mzee anaanza kutafuta viatu vyake. Baraka ya mwisho haijatolewa, lakini ndani ya mioyo yetu ibada imekwisha. Naye anayesoma, akiona kwamba hakuna anayemsikiliza, anaongeza mbio ili amalize.

Je, kosa ni la nani? Tusikilize kwanza Neno la Mungu.

Mungu mwenyewe alipanga matangazo

Waisraeli walipokuwa jangwani, Mungu alimwamuru Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha. Hakumwambia aache kila mtu apige kelele anavyotaka. Zikipigwa zote mbili, mkutano wote unakuja mlangoni pa hema. Ikipigwa moja tu, wanakuja wakuu peke yao. Ukipigwa mlio wa kushtua, kambi za mashariki zinaondoka. Ukipigwa mara ya pili, zinaondoka zile za kusini. Tena Mungu alikataza mlio wa safari usitumiwe kwa kuita mkutano.

Tazameni hekima hiyo. Mtu aliyekaa mbali, hata kama hakuuona uso wa Musa, alijua nani anaitwa, aende wapi na afanye nini. Na waliopewa kazi ya kupiga ni wana wa Haruni, makuhani. Mungu aliihesabu kazi ya kuwaita watu wake pamoja na kazi za patakatifu. Basi sisi tunawezaje kumpa karatasi yule aliyekaa karibu tu, dakika moja kabla ya kusoma?

Sisi tulio na fanfari na wapiga filimbi tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tarumbeta moja ikipotea, walio mbele wanatembea kwa mguu wa kulia na walio nyuma kwa wa kushoto. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho swali la namna hiyo: sauti ya tarumbeta isipojulikana, nani atajiandaa kwa vita?

Mbio bila habari

Kuna pia habari ya Ahimaasi. Alipenda sana kumpelekea Daudi habari za vita. Alikimbia kwa nguvu, akampita mjumbe mwingine aliyetangulia. Lakini mfalme alipomwuliza juu ya Absalomu mwanawe, alijibu kwamba aliona msukosuko mkubwa tu, hakujua ni nini. Akaambiwa asimame kando. Miguu yake ilikuwa mizuri, ila yule baba mwenye uchungu hakupata kwake alichokuwa anangoja.

Ndugu, ninawaambia haya nikiwa na deni. Katika parokia moja niliyoitumikia, barua ilitufikia kwa Kifaransa juu ya mazishi ya baba mmoja mzee wa kanisa. Ilikuwa imeandikwa « 8 h 00 ». Aliyesoma barua ile ni mimi. Sikuwa nimeitazama mbele; nilipewa nikiwa nimesimama. Nikatangaza: saa nane.

Kesho yake tulizika saa mbili asubuhi, kama familia ilivyopanga. Saa saba na nusu akafika mama mmoja mzee, kitambaa kichwani, mchango wake wa matanga umefungwa kwenye pindo la kitenge. Alikuwa ametembea toka mbali. Yeye na marehemu walibatizwa siku moja. Alikuta kaburi limefunikwa na watu wamekwisha kutawanyika. Hakunikaripia. Aliniambia tu: « Baba, mimi nilisikiliza. »

Neno hilo halijaniacha. Tunazoea kuwalaumu waamini kwamba hawasikilizi. Yule mama alisikiliza vizuri, akatii vizuri, na kwa sababu hiyo hasa akakosa kumzika mwenzake.

Wazee wetu walilinda neno

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1921, wakati Nabii Simon Kimbangu alipoanza kazi yake kule Nkamba tarehe 6 Aprili, hakukuwa na mikro wala simu. Habari ilipita kinywa kwa kinywa, watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu, wakaenda. Kisha ikaja miaka ya mateso. Nabii alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa halikupata ruhusa ya serikali mpaka tarehe 24 Desemba 1959. Katika miaka hiyo watu walikusanyika kwa siri, mama Marie Muilu akiwaongoza. Neno moja likifika kwenye sikio lisilofaa, jamaa nzima iliweza kuhamishwa mbali na kwao. Wazee hao walijua thamani ya ujumbe mfupi na wa kweli. Sisi tuna vipaza sauti, na ujumbe unapotea kati ya mimbari na mlango!

Tufanye nini?

1. Karatasi ifike mapema. Anayetaka tangazo alete maandishi Jumamosi, si kuyapenyeza wakati wa wimbo. Naye msomaji asome peke yake kwanza, aulize pale asipoelewa.

2. Tangazo liwe kamili. Nani anaitwa? Kwa jambo gani? Wapi? Siku gani na tarehe gani? Saa ngapi? Aje na nini? Saa itajwe pamoja na sehemu ya siku: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Na tusisahau kwamba Kinshasa na Nkamba wako nyuma yetu sisi wa mashariki kwa saa moja. Barua ikitoka kule na kutuita tuombe pamoja saa sita yao, kwetu ni saa saba.

3. Lugha iwe ya wote. Katika kitabu cha Esta 8:9 barua za mfalme ziliandikiwa kila taifa kwa lugha yake. Barua ya Kifaransa itafsiriwe mbele, ili mama anayeuza soko aelewe sawa na mwalimu.

4. Tutofautishe tarumbeta moja na mbili. Jambo la kwaya liambiwe kwaya. Jambo la mashemasi liambiwe mashemasi. Mbele ya kanisa lote yabaki machache yanayogusa wote, na lile kubwa lisomwe mara mbili.

5. Tulete majibu. Tunatangaza michango, tunafanya nsinsani, tunahesabu kwa furaha. Lakini je, tunarudi kusema: mabati yamenunuliwa, mgonjwa ametoka hospitali, bado inapunguka kiasi hiki? Mtu anayesikia « leteni » kila Jumapili, bila kusikia hata siku moja « imefanyika », masikio yake yanachoka.

6. Simu ziwe na tarehe. Ujumbe unaozunguka ukisema tu « kesho » unaweza kuwaita watu kwenye mkutano uliopita mwezi jana. Usipeleke mbele usichojua. Na kwa mgonjwa, mzee na asiye na simu, jirani aende kwa miguu.

Na sisi tunaosikiliza? Tuliingia bila viatu kwa sababu ya heshima ya mahali pa Mungu. Mahali hapo bado ni patakatifu wakati sekreteri anaposoma. Viatu vingoje baraka.

Upendo, Amri, Kazi: hayo matatu tunayakiri kila siku. Anayetangaza kwa kumfikiria mama aliyekaa nyuma ana upendo. Anayefuata utaratibu anashika amri. Anayepeleka habari mpaka kwa mgonjwa anafanya kazi.

Jumapili ijayo, sekreteri atakaposimama, tukae kimya. Pengine tangazo lile linamhusu mtu ambaye jirani yako anamjua, naye hayupo.

Bwana afungue vinywa vyetu na masikio yetu. Amina.