MCHUNGAJI ALIYEANDIKA HABARI ZA KUNDI LAKE

Tarehe 2 Agosti 2024, huko Bkerke katika nchi ya Lebanoni, Kanisa lilimtangaza Patriarka Istifan Duwayhi kuwa Mwenye Heri. Siku hiyo ilitimia miaka 394 tangu azaliwe. Twapenda ninyi wazazi Wakristo mmjue, kwa kuwa habari zake hazijaenea sana kwetu.

Alikuwa Mmaroni, yaani Mkatoliki wa Kanisa lile la Mashariki linalomheshimu Mtakatifu Maroni kama baba yake, lenye ibada zake lenyewe, na lenye umoja na Baba Mtakatifu. Alizaliwa Ehden, kijiji cha milimani. Baba yake alikufa yeye angali mdogo wa miaka mitatu. Mwaka 1641 yatima huyo alipelekwa Roma, katika chuo ambacho Papa Gregori XIII aliwafungulia Wamaroni mwaka 1584. Alisoma mno hata macho yakampofuka. Nao Wamaroni husimulia kwamba alimlilia Bikira Maria, akaona tena.

Angaliweza kukaa Ulaya na kuheshimiwa kwa elimu yake. Alirudi kwao mwaka 1655, akapadirishwa mwaka uliofuata, akafundisha watoto wa kijijini. Hapo ndipo sisi twauona ukubwa wake, kabla hajavaa kofia ya uaskofu.

Mwaka 1670 alichaguliwa Patriarka. Nchi ilikuwa chini ya Waturuki, na watawala wa Tripoli waliwaelemea watu kwa kodi. Mara kwa mara Patriarka alilazimika kuyakimbia makao yake katika bonde la Qannubin, akapata hifadhi hata kwa Wadruzi wa milima ya Shuf, ambao si Wakristo.

Mtu aliyesumbuka hivyo nani angemlaumu kama asingeandika neno? Lakini watu wake walikuwa wakishtakiwa na wageni kwamba zamani walikuwa wazushi. Basi alivitafuta vitabu vya kale vya Kisiria vilivyoandikwa kwa mkono, akasoma hata maneno machache yaliyoachwa pembeni mwa kurasa: nani alinakili, mwaka gani, siku za Patriarka gani. Kwa vipande hivyo alitunga historia ya nyakati. Aliandika pia kitabu kikubwa cha kueleza Misa. Wataalamu wa leo hawakubaliani naye kila mahali, hasa anaposhikilia kwamba Wamaroni hawakutengana na Roma kamwe. Walakini hakuna anayeandika habari za milima ile pasipo kumfungua yeye kwanza. Na katika nyumba zetu, ni nani ameandika babu alibatizwa lini, na kwa mkono wa nani?

Alifariki Qannubin tarehe 3 Mei 1704. Walimzika katika pango la Mtakatifu Marina, pamoja na mapatriarka wenzake, wale ambao yeye mwenyewe aliwapanga majina yao kitabuni, mmoja baada ya mwingine.