Ukaidi wa Mary

Je, mkaidi akija kutii, ameshinda au ameshindwa? Swali hili lilinijia nilipotazama The Trouble with Angels, mchezo wa sinema uliotengenezwa Marekani mwaka 1966, ukiongozwa na Ida Lupino.

Mary Clancy ni yatima. Apelekwa shule ya bweni ya watawa, na huko yeye na rafiki yake Rachel hawaishi vituko. Huvuta sigara kwa siri. Siku moja watia sabuni ya povu katika sukari ya watawa. Nilicheka sana, ingawa haipendezi mwalimu kucheka mambo kama hayo. Mama Mkuu huwaadhibu kila mara, na adhabu haizai kitu.

Kisha Sista Liguori, aliyefundisha hesabu, afariki ghafla. Mary, bila kuonekana, amwona Mama Mkuu peke yake mbele ya jeneza, akilia. Mwanamke aliyemdhania jiwe ana machozi! Hapo kicheko hukatika.

Masomo yakiisha, Mary akata shauri kubaki awe mtawa. Rachel aghadhibika, aona kwamba ameibiwa rafiki. Simlaumu. Mwenzako wa vita akihamia upande wa pili, huwezi kumpigia makofi. Lakini ni nani aliyemwamuru Mary? Amri za miaka mingi hazikumsogeza hata hatua moja. Kilichomsogeza ni jambo aliloliona wakati hakuna aliyejua kuwa anatazama. Moyo wake ni ule ule uliokataa. Sasa umekubali, na hakuna aliyeukubalia kwa niaba yake. Maskini asiye na senti hawezi kutoa sadaka. Naye asiye na hiari yake mwenyewe, akitii, ametoa nini?

Si kila mtukutu ni Mary, najua. Wengine huharibika kabisa, na mwalimu hana kioo cha kuwatambua mapema.

Mwaka mmoja niliandika katika ripoti ya msichana fulani: "Mtiifu sana." Kwa miaka mitatu hakuwa ameniuliza swali hata moja. Sikujua kama alitii au aliogopa, wala sikujisumbua kujua. Nyuma yake aliketi mwingine, aliyetaka sababu ya kila sheria ya shule, hata ya soksi. Huyo nilimwandikia: "Ajirekebishe." Sikusema ajirekebishe katika jambo gani.